Jina la Baba Kwenye Leseni

Manyamanyama,
S.L.P. 61,
Bunda, Mara.

20 Juni, 1991

Mpendwa mdogo wangu Silasi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na hao jirani zako wa Gaborone unaosema wanakula nyama kila siku. Kile kikohozi cha baridi kimeisha? Sisi tupo. Shemeji yako Boniphace anasumbuliwa na mgongo lakini shamba anaenda. Watoto wazima. Sukari imejaa madukani siku hizi, siyo kama ulipoondoka, ila tukishaulizia bei tunarudi nyumbani kunywa uji bila sukari kama zamani.

Barua yako niliipata. Niliisoma nimesimama pale posta, nikaisoma tena njiani, na nakwambia ukweli, ilinikasirisha. Nilisubiri hasira ipungue ndipo nikaanza kukushughulikia.

Shida yako nimeielewa. Leseni ya hapa wanakuruhusu kuitumia huko mpaka mwisho wa Julai tu. Baada ya hapo lazima uwe umebadilishiwa na kupewa ya kwao, la sivyo kampuni inakushusha kwenye lori. Na hubadilishiwi bila barua ya huku kuthibitisha kuwa leseni ni yako, pamoja na kiapo cha kuzaliwa kinachoonyesha baba yako ni nani. Hilo la kwanza limekwisha. Nilienda Musoma, nikazungushwa kidogo, lakini barua yenye mhuri nimeipata na imo humu.

Sasa hilo la pili. Silasi, ulipatwa na nini? Leseni imeandikwa Silasi Nyangi. Pasipoti, Silasi Nyangi. Halafu ukiulizwa jina la baba unaandika Burito! Eti uliona aibu kumweleza karani wa huko kuwa Nyangi ni mwanamke. Matokeo yake wanadhani leseni ni ya mtu mwingine, na dawa uliyoiona wewe ni mimi niende mahakamani kutafuta kiapo kwamba wewe ni mtoto wa Burito, na Nyangi ni jina la kubandikwa tu.

Unajua kama ninavyojua mimi. Bibi Nyangi hakujaliwa mtoto wa kiume. Mumewe alipofariki, alitoa ng'ombe wake mwenyewe akamuoa mama yetu, kama mila ya kwetu inavyomruhusu mwanamke kuoa mwanamke, ili nyumba yake isifutike, na sisi tukazaliwa ndani ya nyumba hiyo. Burito aliyetuzaa alikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Hakutoa hata ndama. Mama alipokufa alikuwa zake Kisorya na nyavu zake, na hatukumwona mazikoni. Aliyeuza ng'ombe ukajifunze udereva ni Bibi.

Mimi nimeolewa, nyumba ile inakutegemea wewe. Na Wambura, mtoto wa shemeji yake Bibi, anasubiri tu. Ameshaanza kupitisha ng'ombe wake katikati ya shamba letu la Butiama, na akiulizwa anasema wanazoea njia. Siku karatasi ya mahakama ikisema wewe ni wa Burito, hatasubiri tena Bibi afe. Atamwambia ahame.

Nilitaka jambo hili nilifanye kimyakimya, nikashindwa. Kiapo cha kuzaliwa kinataka mzazi, au mzee aliyekuwapo, na mzee tuliyebaki naye ni Bibi. Nikaenda Butiama baada ya misa nikamsomea barua yako yote, hata hapo pa aibu. Alikuwa anachambua mtama, akaendelea kuchambua. Nilipomaliza aliniuliza kama nimeshapewa maji ya kunywa.

Maneno nayo hayakai. Sijui nani alimpelekea, lakini siku chache baadaye Burito huyo hapa kwangu, amevaa koti la mitumba, anachekacheka, anakuita mwanangu. Alikuwa ametoka Musoma kuapa bila hata kuombwa, na karatasi akaniletea mkononi. Niliificha chini ya godoro, na kila nikipita karibu na kitanda naitoa. Mara najiambia niichome. Mara nakumbuka kuwa Hyasinta wangu anasoma kwa lori lako, nairudisha chini ya godoro.

Basi Bibi akatokea. Alikuja Bunda peke yake kwa basi, na magoti yale, akasema tumpeleke kwa hakimu. Tulienda Musoma naye, mimi na Boniphace.

Hakimu ni kijana, mgeni mkoa huu. Akauliza kama Nyangi ni marehemu mume wa Bibi. Bibi akamjibu, "Nyangi ni mimi." Kijana akauliza sasa baba wa mtoto ni nani. Bibi akapandisha sauti mpaka watu wa nje wakachungulia dirishani.

"Ng'ombe zilitoka kwenye zizi langu. Mama yake nilimuoaga mimi, na huyo mtoto nilimleaga mimi. Baba anakuwaga nani mwingine? Andika!"

Hakimu aliweka kalamu chini. Nikajua tumekwisha, tunafukuzwa. Lakini aliichukua tena akaandika kama alivyoambiwa: kwamba Nyangi ni mwanamke, kwamba kwa mila ya kwetu ndiye aliyemuoa mama yako, na kwamba jina unalotumia ni halali yako. Ila alituonya kuwa hajui kama ofisi ya nchi nyingine italielewa jambo hilo.

Kwa hiyo humu ndani kuna viapo viwili. Mimi nilitaka kutuma kimoja. Nilipomwambia Bibi kuwa cha Burito nakitia jikoni, alinifokea vibaya.

"Acha! Akikosa kazi utamlisha wewe? Atumie kitakachompa chakula. Ila akitumia cha Burito, asipoteze nauli kuja kunizika. Mgeni hatupagi udongo wa kwanza."

Siwezi kukuamulia. Ila nakuomba sana, mdogo wangu, nenda kwanza na cha Bibi. Mweleze karani polepole, na akikataa omba kumwona mkubwa wake. Watu wa huko nao wana ng'ombe, wanaweza kukuelewa kuliko unavyodhani. Na usiwape vyote viwili, watakuona mwongo kabisa. Ukishachagua, niandikie upesi, maana huku hatulali vizuri.

Boniphace anakusalimu. Hyasinta anakushukuru kwa viatu, vinamtosha. Burito naye kaagiza salamu, nimezifikisha. Bibi bado yuko hapa kwangu, ila hakutuma salamu. Ameniona naandika bahasha, akauliza jambo moja tu: huko kazini wakikuita, wanakuita nani?

Mungu akushikie usukani popote unapopita.

Dada yako akupendaye hata akiwa na hasira,

Justina Nyangi