Kisanduku cha Kamwe

Bristol, 9 Januari 2022

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na yule daktari wa masikio, umeshamwona au bado unawalaumu watu kwamba siku hizi wanaongea chini chini? Mimi mwili hauna neno. Hii ni mara ya nne naianza barua hii. Ya kwanza niliipoteza, ya pili niliimwagia chai, ya tatu nadhani nimeandika vitu vya dukani nyuma yake nikaenda nayo. Nikipiga simu tutagombana kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Hatujaongea vizuri tangu tumzike Baba. Yaani tangu MUMZIKE. Nilikwambia siku ile nilikosea treni pale Manchester, ukanitazama tu. Mama, ni kweli. Nilisimama na nguo zangu nyeusi, nikausoma ubao wa treni mara tatu, nikapanda ya Preston, njia nyingine kabisa. Nafika Todmorden mmeshamzika, watu wanakula sandwichi. Najua unaamini nilichelewa makusudi kwa sababu ya mambo ya Baba na mimi.

Sasa lenyewe. Kazini, pale mapokezi kwa daktari wa meno, mwezi uliopita nimewapa wagonjwa wawili miadi ya saa ileile, mara tatu. Meneja amenipa mpaka Pasaka nijirekebishe. Nyumbani nina mfuko chini ya ngazi umejaa barua ambazo sijafungua, za benki, za halmashauri, hata kadi za Krismasi. Nikiona bahasha naogopa, naitupa mle, najiambia kesho. Mwenzangu mmoja akaniambia, Janine, nenda kapimwe ADHD. Ni akili isiyotulia mahali pamoja, na mtu huzaliwa nayo. Nikasoma habari zake nikalia jikoni, maana ilikuwa kama kuna mtu ameishi na mimi miaka arobaini na nne akiandika kila kitu.

Foleni ya hospitali ya serikali ni miaka minne. Nimejilipia kwa daktari binafsi, Daktari Penrose, tarehe tatu Machi. Anataka ripoti zangu za shule ya msingi, na anataka fomu ijazwe na mtu aliyenijua nikiwa mdogo. Baba hayupo. Umebaki wewe peke yako. Fomu nimeiweka humu, pamoja na bahasha ya kumrudishia mwenyewe.

Tafadhali, Mama.

Binti yako,
Janine

~

Todmorden, 17 Januari 2022

Mwanangu Janine,

Marahaba. Goti liko palepale lilipo, nalipandisha ngazi asubuhi na kulishusha jioni. Masikio yangu mazima, ni watu wanaokula maneno. Mvua haijakatika tangu Jumanne. Nafurahi kusikia u mzima, ingawa hukusema kama unakula.

Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu ya ule mwandiko. Siku hizi kila kitu kina jina na daktari wake. Enzi zetu mtoto alikuwa mtulivu au mtukutu, basi, na wote wakapata kazi kiwandani. Mjukuu wa Mavis hapa ng'ambo ya barabara naye kapimwa, na sasa Mavis hana habari nyingine. Nikienda kutoa pipa la taka, namkuta ananisubiri na habari za dawa zake. Mtaa mzima unajua yule mtoto anameza nini saa ngapi. Mimi nimekaa hapa miaka hamsini na mbili na hakuna anayejua hata tunapikaje mayai.

Ripoti za shule sijui zilipo. Baba yako alichoma makaratasi mengi.

Ila fomu nitaijaza. Usiwe na wasiwasi juu ya mama yako, sitakuaibisha mbele ya daktari.

Nimekuwekea keki ya tangawizi kwenye kifurushi. Kula.

Mama yako

~

Bristol, 2 Februari 2022

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na asante! Keki imekwisha siku hiyohiyo, nimekula nimesimama kama mwizi. Goti ulipake ile dawa ya kijani. Nimefurahi mno umekubali, nilicheza dansi kwenye korido hadi jirani akagonga ukuta.

Bila ripoti daktari atategemea zaidi fomu yako, kwa hiyo nakuomba uandike ukweli mtupu. Usinionee haya. Andika jinsi nilivyopoteza makoti, matatu majira moja ya baridi, nakumbuka ulivyolia la tatu lilipopotea. Andika jinsi mwalimu wangu Bi Horsfall alivyonikalisha nimeelekea ukuta. Na andika ile ya meza. Najua hatuiongelei. Mpaka leo nikikaa mezani muda mrefu kifundo cha mguu wa kushoto kinawasha, halafu namwona Baba amesimama nyuma yangu ananuka vumbi la mbao. Sitaki kumsema marehemu. Nataka tu daktari ajue kwamba kumfanya mtoto akae ilibidi atiwe kamba.

Unajua ninachokitaka hasa? Kazi naitaka, ndiyo, na daktari akiniandikia, meneja atalazimika kunipangia kazi kwa namna nitakayoiweza. Lakini nataka mtu mwenye cheti ukutani aniambie sikuwa mvivu. Ni hilo tu. Nikilisikia hilo mara moja nitalala.

Binti yako anayekupenda,
Janine

~

Todmorden, 10 Februari 2022

Mwanangu,

Hujambo? Hapa kwema, baridi imerudi na bomba la bafuni limeganda. Fomu nimeijaza kwa kalamu nzuri, nikaipeleka posta mwenyewe na goti langu. Yule msichana wa dirishani aliipindua kusoma anwani, nikamwambia inatosha, mwanangu, bandika stempu.

Nimekusemea vizuri. Tulia sasa.

Mama yako

~

Bristol, 20 Aprili 2022

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sijui niandikeje mengine, kwa hiyo naenda moja kwa moja.

Ripoti ya Daktari Penrose ilikuja mwisho wa Machi. Hiyo niliifungua, nilikaa nayo kwenye ngazi na koti mwilini. Nanakili: "Mama mzazi anaeleza utoto usio na tatizo lolote. Katika vipengele vyote kumi na nane amejibu Kamwe." Vyote, Mama. Alipoteza vitu? Kamwe. Aliinuka pale alipotakiwa kukaa? Kamwe. Alishindwa kumaliza kazi za shule? Kamwe. Na chini, kwenye nafasi ya maelezo, umeandika: "Hakutupa shida hata siku moja."

Daktari ni mtu mwema, alinipigia simu mwenyewe. Akasema, Bi Greenwood, naamini unateseka, lakini sheria yetu ni kwamba lazima dalili zianzie utotoni, na shahidi pekee uliyemleta anasema hazikuwepo. Akasema huenda ni wasiwasi tu, au uchovu. Akaniuliza kama kuna mtu mwingine. Nikamwambia hakuna.

Alhamisi kabla ya Pasaka wameniachisha kazi. Meneja alininunulia maua, masikini, naye alikuwa analia.

Kama hukuwa na shida na mimi, ile kamba ilikuwa ya nini? Na makoti? Na wewe kukaa jikoni ukisema "Mungu wangu nimekukosea nini" wakati mimi niko mlango wa pili nasikia? Nilikuwa na miaka minane, Mama. Nikajibu moyoni kwamba kosa ni mimi, na sijawahi kubadili jibu hilo. Ulikuwa na kalamu mkononi ungeweza kunibadilishia.

Sitaandika tena. Sina hasira ya kukukomoa, nimechoka tu.

Janine

~

Todmorden, 26 Aprili 2022

Mwanangu Janine,

Hujambo, mwanangu? Unakula? Barua yako ilifika Ijumaa, nikaisoma nimesimama mlangoni, nikakaa kwenye ngazi kama wewe. Leo naandika polepole. Nisipolisema vizuri, ujue nimejaribu.

Ile fomu niliikalia siku nne. Ilikuwa na visanduku, Kamwe, Mara chache, Mara nyingi, Kila mara. Kila nilipoweka kalamu kwenye "Kila mara" nilimwona mtu huko Bristol, na koti lake jeupe, anamsoma mwanangu kama mtoto mbaya. Mimi nimelelewa hivi: mgeni akikuuliza habari za nyumbani, unamjibu hakuna shida. Mama yangu alikufa na uvimbe tumboni akimwambia muuguzi hajambo. Nilidhani nakukinga. Niliposema nimekusemea vizuri, nilijisifu kweli, nilirudi nyumbani nikajikaangia yai.

Lakini hilo ni nusu. Nusu nyingine inanichoma.

Niliposema sijui ripoti zilipo, nilidanganya. Nilijua. Ziko zote ndani ya kifuniko cha cherehani, nilizificha baba yako Clifford asizione, kwa sababu kila akisoma moja nyumba ilikuwa haikaliki. Nimezitoa leo. "Janine ana akili akiamua kuitumia." Hiyo ni ya mwaka themanini na tano. "Anaota mchana." "Angejitahidi zaidi." "Hawezi kukaa." Miaka sita, walimu sita, na wote wanasema jambo moja, na sisi tukasoma kila mwaka tukadhani ni tabia.

Na kamba. Mwanangu, umemlaumu baba yako miaka yote hii na mimi nikakuacha umlaumu. Haikuwa kamba yake. Ilikuwa mkanda wa gauni langu la kulalia, lile la waridi. Clifford alitaka kutumia mkono. Mimi ndiye niliyesema, tumfunge mguu kwenye meza, angalau hatapigwa. Nikapiga magoti, nikafunga fundo, wewe ukacheka ukidhani ni mchezo. Dakika kumi baadaye ukawa hucheki. Baba yako alisimama nyuma yako kwa sababu alikuwa anaona haya kukutazama usoni. Niliona afadhali. Mpaka juzi nilikuwa bado naona afadhali.

Sasa ningemwandikiaje daktari kwamba ulikuwa huwezi kukaa? Ningekiri kwamba tulimfunga mtoto kwa sababu ya kitu ambacho hakukiweza. Ndiyo maana nikaandika Kamwe. Nilikuwa najisemea vizuri mimi.

Kwenye bahasha hii ya bluu nimeweka ripoti zote sita. Nimempigia Daktari Penrose, nikamfanya arudie kila neno, akanitumia fomu nyingine. Nimeijaza. Nimepita kisanduku kwa kisanduku, na mkanda nimeuandika. Hapokei ila kwa mkono wa mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo mpelekee yote. Amesema atakuangalia upya.

Kuhusu treni, nakuamini. Nilipaswa kukuamini siku ile.

Mama yako

~

Todmorden, 8 Juni 2022

Mwanangu,

Hujambo? Mimi hivyohivyo. Goti wamelipiga picha, wanasema limeisha, watanibadilishia nikifikiwa kwenye foleni. Mavis ananiletea maziwa. Nimeanza kumsikiliza habari za mjukuu wake. Anakunywa dawa asubuhi, na anamaliza kujenga vijumba vyake vya plastiki, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilimuuliza maswali hadi akashangaa.

Wiki sita na hujajibu. Simu yako inasema haipatikani. Nimempigia daktari, kasema hajapokea kitu kutoka kwako. Mwanzoni nilidhani umekataa kunisamehe, nikasema ni haki yako. Jana usiku nimelala nikakumbuka mfuko wako chini ya ngazi.

Janine, umeifungua ile ya bluu?

Halafu nikatambua kwamba nakuuliza ndani ya bahasha nyingine.

Mama yako

~

Kadi ya posta, picha ya soko la Todmorden. Muhuri wa 3 Agosti 2022

Janine mwanangu,

Hujambo? Goti lilelile. Nimekuandikia kadi ili usiwe na cha kufungua. Kila atakayeishika ataisoma, na waisome.

HUKUWA MVIVU. Ulikuwa na shida tangu mdogo, sisi tukakufunga mguu mezani. Fundo nilifunga mimi, si baba yako.

Ripoti na fomu ziko kwenye bahasha ya bluu, ndani ya mfuko wako. Usiifungue kama huwezi. Mpelekee daktari hivyohivyo.

Naandikia hapa posta. Mavis yuko nyuma yangu kwenye foleni, anasoma akichungulia juu ya bega langu. Sijaifunika.

Mama yako