Baba, Nimemtafutia Otim Shule

Mpendwa Baba,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichoongea sisi wawili. Shuleni ni Kiingereza siku nzima, na Mama akikasirika ni Kiacholi, lakini wewe ulikuwa ukirudi kutoka zamu na Kiswahili cha kambi ya polisi mdomoni, nami nikakipenda hivyo hivyo. Tena unajua, kuandika kwangu ni rahisi kuliko kusema. Hilo halijabadilika tangu ututoke.

Mdogo wangu Otim sasa ana miaka mitatu. Ulimwacha hajaota meno. Nyumbani anaongea mpaka unachoka, ila akitokea mgeni, kimya. Mama anasema amenirithi mimi, kana kwamba ni mimi niliyemzaa. Muhula huu lazima aanze shule ya nasari, kwa hiyo nimekuwa nikikuwaza sana, jinsi ulivyonitafutia ya kwangu.

Nilikuwa na miaka mitano, tumetoka Gulu juzi tu kwa uhamisho wako. Mengine nayakumbuka, mengine Mama alinisimulia. Tulianza na shule moja kubwa upande wa Kyambogo. Ulitoka zamu ukanipitia moja kwa moja, na magwanda yako ya polisi na buti zinang'aa. Mlinzi wa geti akapiga saluti. Mkurugenzi akatoka mwenyewe, "Karibu afande, karibu sana," soda ikaletwa, watoto wakasimama wote wakaimba. Hakuna aliyelia. Hakuna hata aliyekohoa. Tulipofika barabarani ukaanza kucheka peke yako.

"Aber," ukasema, "leo nimeona magwanda yangu tu. Shule yenyewe sijaiona."

Kesho yake ukarudi nami, umevaa kandambili na lile sweta lililotoboka kiwikoni. Mlinzi yule yule hakukutambua.

"Mzee, kaa hapo kwa benchi. Wewe iko na mtoto ama unatafuta kazi ya kufyeka?"

"Tuanze na mtoto," ukamjibu. "Ya kufyeka tutaongea."

Ilikuwa saa nne, wakati wa uji. Kutoka kwenye benchi uliona mtoto analia ukutani, na mwalimu anampita kama anavyopita ndoo. Ukanishika mkono, tukaondoka bila kuaga.

Siku zako za mapumziko ziliisha hivyo, ukizunguka umevaa kama mtu asiye na kazi, na kila mara saa nne. Ulisema watoto wakiwa na njaa na mwalimu ameshachoka, hapo ndipo utamjua. Mwisho tukafika kwenye shule ndogo ya mabati huku Kyebando. Binti mmoja alijikojolea kwenye foleni ya uji. Mwalimu wake, Ticha Nakato, hakupaza sauti. Alimtoa kando, akarudi naye amevaa kaptura nyingine, akamsimamisha pale pale alipokuwa, na hakuna mtoto aliyecheka. Ukasema neno moja tu: "Hapa." Mama alikulaumu kwamba hukuuliza hata swali. Ukamwambia umeshajibiwa.

Muhula wote ule sikufungua mdomo, Baba. Ticha Nakato hakunilazimisha. Alinipa kazi ya kugawa vikombe, kazi isiyohitaji maneno. Siku moja kikombe kilipungua nikajikuta nasema, "Bado mmoja." Akaleta kingine akaendelea kumimina uji, kama vile nimekuwa nikiongea siku zote. Mpaka leo namshukuru kwa kutonishangilia. Na wewe nakushukuru kwa kumwona.

Sasa nikuungamie jambo. Wiki iliyopita Mama alimpeleka Otim kwenye intavyuu ya nasari moja yenye basi lake na majoho ya mahafali. Watoto wengi wa jirani wanasoma huko. Niliwasindikiza. Mama mmoja mwenye miwani akamwonyesha Otim kadi na kumuuliza rangi kwa Kiingereza. Otim akaangalia viatu vyake. Nilikuwa nimemshika mkono chini ya meza, nikamfinya. Nilimfinya ili aseme, mimi mwenyewe niliyenyamaza muhula mzima. Hakulia. Aliutoa mkono wake polepole akauweka kwa Mama. Yule wa miwani akasema watampokea, ila itabidi "achangamshwe".

Mama alifurahi. Mimi sikufurahi.

Asubuhi yake, kwa kuwa shuleni kwangu tulikuwa hatujafungua bado, nikamwambia Mama nampeleka Otim matembezi. Shule yetu ya mabati haipo tena, siku hizi pale wanaosha magari, kwa hiyo nilizunguka kwingine, siku tatu, saa nne. Utacheka. Wewe ilibidi uvue magwanda ili uone shule. Mimi nikipita hakuna anayenyoosha mgongo. Wananiambia tu, "Nyabo, dada, rudi na mzazi," kisha wanaendelea na mambo yao, nami naona kila kitu.

Siku ya tatu tulisimama kwenye geti la shule moja ndogo, bado huku huku Kyebando. Mwalimu mmoja mnene, kitenge kimelowa uji, akatuona. Hakumwambia Otim asalimie. Alichuchumaa, akamwaga vifuniko vya soda mbele yake, akarudi kwa watoto wake. Otim akakaa chini akaanza kuvipanga. Mwalimu aliporudi ilinibidi niulize, na unajua sauti yangu mbele ya watu.

"Mtoto asiyeongea, mnamfanyaje?"

"Tunamngoja," akasema. "Kwani anakimbilia wapi?"

Nilimleta Mama akaone mwenyewe. Tulipofika nyumbani akaketi kwenye cherehani yake.

"Hawana basi," akasema.

"Tutatembea."

"Nani atatembea?"

"Mimi. Nitampeleka kabla ya kwenda shule."

"Wewe unayeamshwa kwa maji? Na una uhakika gani, Aber? Huyu mtoto akiharibika, ataharibikia mikononi mwako, unajua?"

Nikamwambia sina uhakika. Sijui kwa nini nilisema kweli. Mama akaniangalia sana, kisha akavuta kitambaa cha kaki na kuanza kumpima Otim mabega, kwa sababu sare za shule ile ndogo ni za kaki.

Anaanza Jumatatu. Sare yake nimeshaipiga pasi mara mbili, Baba, kama ni mimi ninayeanza. Siku zote nilikuona mtu wa kutazama mara moja na kujua. Sasa nafikiria ile "Hapa" uliyoisema, ilikuwa fupi mno, na mkono wako ulikuwa umelowa jasho ndani ya wangu. Sikuwahi kukuuliza kama uliogopa.

Pumzika, Baba. Otim nimemshika, na simfinyi.

Binti yako mkubwa