Chupa Yangu, Jina la Hiram

Mpendwa Baba Wangare,

Salamu nyingi, na unisaidie katika ukurasa wako wa gazeti kabla mwaka huu wa 1958 haujafungwa, kwa maana Jumapili mhubiri alituambia kila mtu akae peke yake aufikirie mwaka wake na ahesabu baraka, nami nimekaa, na kila nikianza kuhesabu nafika kwa Hiram na hapo nakwama.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mbili, nafanya kazi karakana ya reli hapa Nakuru na naishi landi, hizi nyumba za wafanyakazi, tumepakana ukuta na rafiki yangu Ogola ambaye anapaka mabehewa rangi. Ogola anapiga gita. Sisemi anapiga kama watu wanavyopiga, nasema anapiga, na mtu wa kwanza kulijua jambo hilo katika mji huu ni mimi. Wakati majirani walikuwa wakimrushia maneno, "Wewe, nyamaza, watoto wamelala!", mimi ndiye nilikuwa nimekaa kando yake kwa baraza nikigonga chupa ya soda na msumari, maana gita peke yake halitembei, na nyimbo zake zote nazijua, hata zile amezisahau mwenyewe huja kuniuliza, "Wasike, ule wa mvua ulikuwa unaanzaje?" Ana wimbo mmoja wa lori lililokatika breki likiteremka kwenda Mai Mahiu, dereva anamwomba Mungu, taniboi, yule utingo wake, anamwomba dereva, na pale kati gita linanyamaza kidogo, Ogola anaita, "Wasike, gonga!" na mimi nagonga peke yangu, ka-ka-ting, ka-ka-ting, mpaka gita lirudi. Baba Wangare, hakuna mahali pengine duniani jina langu huitwa vizuri hivyo. Kule kazini naitwa "wewe".

Mwezi wa nne akaja bwana wa santuri kutoka Nairobi na mashine yake ya kunasa sauti, akakodi chumba nyuma ya duka moja kwa siku moja tu. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa zamu, kumbe Ogola alifanya mazoezi na kijana mmoja wa kinu cha unga anaitwa Hiram, eti asikose mtu wa chupa kama mimi nitachelewa kutoka kazini, na asubuhi nikirudi nikakutana na Nabalayo kwa bomba la maji (Nabalayo ni msichana ambaye, tuseme, tunaongea), akaniambia, "Yule Hiram naye anajua kugonga, jana tumefurahi sana." Nikaingia ndani nikalala. Ogola akaja kubisha, nikamwambia tumbo linaniuma. Akasimama mlangoni kidogo, akaniuliza kama amwombe bwana wa santuri wangoje mpaka mchana, nikamwambia aende tu, na kweli akaenda! Sasa nakuuliza, rafiki wa kweli angeenda? Jioni nilikuwa kwa hoteli ya Waithaka nakula chapati na maharagwe nikasikia wamemaliza, wimbo wa lori umeingia, na pale kati ameitwa Hiram.

Santuri ilitoka mwezi wa nane na tangu hapo sina amani. Waithaka, yule yule aliyewahi kumfukuza Ogola kwa hoteli yake eti gita linafanya wateja wasahau kuagiza, sasa anaicheza tangu kufungua mpaka kufunga na anawaambia watu, "Huyu kijana nimemlea mimi." Madereva wa malori wanaimba, watoto wa shule wanaimba, juzi nilimsikia hata mpishi mmoja huko Milimani akiuimba huku anakung'uta zulia, na amekosea maneno, na nilipomsahihisha akaniuliza, "Kwani wewe ni nani?" Walikuwa wapi hawa wote mwaka jana? Hiram naye akipita sokoni watu wanapaza sauti, "Hiram, gonga!" na yeye anainua mkono kama chifu. Na kilichonimaliza kabisa ni Nabalayo, alikuwa anafua, anaimba peke yake, hajui nimesimama nyuma, akafika pale kati akagonga karai na kipande cha sabuni, "Hiram, gonga!" Kwa sauti tamu hivyo, Baba Wangare!

Nikanunua santuri yangu mwenyewe, kwa sababu nampenda Ogola hata nikimchukia, nikaiweka kwa gramafoni, nikasikiliza vizuri mahali jina lilipo, nikachukua msumari, ule ule wa chupa, nikakwaruza hapo ili jina lifutike. Nikaiweka tena, nikatoka kuchota maji huku nasikiliza, sindano ikafika pale, ikaruka ikarudi nyuma, ikaruka ikarudi, "Hiram, gonga! Hiram, gonga! Hiram, gonga!" na kabla sijatupa ndoo nikakimbia ndani landi nzima ilikuwa imesikia, na mpaka leo majirani wananiambia, "Wasike, kumbe unampenda Hiram hivyo!"

Sasa neno lenyewe ni hili. Tarehe thelathini na moja kuna densi ya kuaga mwaka, na bwana wa santuri anakuja kusikiliza, akipendezwa atamchukua Ogola Nairobi akanase nyimbo zingine. Hiram hatakuwepo, amekwenda kwao Kuresoi kumsaidia mama yake kuvuna viazi. Jana Ogola amekuja akasimama mlangoni pale pale, akasema, "Wasike, njoo unigongee. Wimbo wa lori ndio tutaanza nao." Watu wote watakuwa wanangoja jina la Hiram, nami nigonge chini ya jina la mtu mwingine? Moyo mmoja unaniambia nikatae, ashindwe. Moyo wa pili, na huu ndio unaonitisha, unaniambia nikubali, niende nimevaa vizuri, halafu gita likinyamaza pale kati, na mimi ninyamaze. Basi. Ninyamaze, watu wasikie hakuna kitu. Nabalayo atakuwepo. Nifanye nini?

Ni mimi, nina wivu na sikatai,
Wasike, Landi, Nakuru


Wasike kijana wangu,

Barua yako nilimsomea Mama Wangare akiwa anasonga ugali, akacheka mpaka akaacha mwiko, halafu tulipofika kwa "ninyamaze" akaacha kucheka, akasema, "Huyo mjibu leo." Kwa hivyo nimekutanguliza mbele ya mama mmoja wa Molo mwenye shida ya shemeji. Atanisamehe. Shemeji huyo amekaa kwake tangu Pasaka, wiki moja zaidi haitamshtua mama huyo.

Kwanza ujue unaongea na nani. Katika mambo ya muziki mimi ni mtu wa nyuma kabisa. Kwaya ya kanisa letu ilinipa kazi ya kufungua madirisha, na mwalimu wa kwaya alinieleza kwa upole sana kwamba hewa nayo ni sehemu ya ibada. Sijawahi kuitwa jina katikati ya wimbo, wala sitaitwa. Kwa hivyo usidhani nakucheka kwa sababu umelilia jambo dogo. Si dogo. Mtu anayeitwa "wewe" tangu asubuhi, jioni akapata mahali pamoja anapoitwa jina lake na gita likanyamaza ili asikike, akipokonywa hapo lazima aumie. Nakupa pole, na pole yenyewe ni ya kweli.

Basi, pole imekwisha. Sasa nikugombeze.

Wivu wako juu ya Waithaka na yule mpishi wa Milimani uache huko huko. Miaka yote umekaa barazani ukiwaambia watu kwamba Ogola anajua, wakakukatalia, wakakurushia maneno. Leo wamekubali, nawe umekasirika kwa sababu wamekuamini! Umeshinda kesi, halafu unamnunia hakimu. Mpishi akikosea maneno mwache aimbe. Zulia halitamshitaki.

Tuje kwa tumbo.

Umelipitisha mbio mbio katikati ya mistari ukidhani macho ya mzee huyu yamechoka. Yamechoka, ndiyo, lakini mambo ya chakula huwa hayanipiti. Tumbo lililouma asubuhi mpaka likashindwa kufika nyuma ya duka, jioni liko kwa Waithaka linakula chapati na maharagwe? Maharagwe, Wasike! Mimi nikisema tumbo linauma Mama Wangare hunipa uji wa chumvi siku mbili, na maharagwe nayasikia harufu tu kutoka kwa jirani. Hukuwa na tumbo, bwana. Ulikuwa na neno moja la Nabalayo pale bombani, ukaenda kulilalia.

Na Ogola alifanya nini? Mtu amepewa siku moja na ile mashine, mwenye mashine anatazama saa, naye anatoka kuja kubisha mlango wako. Anakuuliza kama amwambie bwana mkubwa angoje mpaka mchana kwa ajili ya chupa ya soda. Umeisoma hiyo tena baada ya kuiandika? Isome. Ukamwambia nenda, akaenda. Unaniuliza kama rafiki wa kweli angeenda, nami nakuuliza kama rafiki wa kweli angesema nenda. Hiram hakuiba kitu. Wimbo ulifika pale kati, lazima mtu aitwe, akaitwa aliyekuwepo. Ulitaka aite nani? Wasike yuko landi amejifunika blanketi.

Kuhusu ile santuri uliyoikwaruza, Mama Wangare anaomba ukipita kwetu siku moja uje nayo, na gramafoni pia kwa sababu sisi hatuna. Mimi nakuambia hivi: hiyo santuri imekupa ushauri kabla yangu, ila hukuisikiliza. Ulitaka kulifuta jina la Hiram, ukalifanya liitwe mara ishirini na landi nzima ikasikia. Sasa fikiria ile densi. Gita linanyamaza. Wewe unanyamaza, umevaa vizuri, chupa mkononi. Unafikiri watu watasema, "Ole wake Ogola"? Hawatasema hivyo. Mmoja wa nyuma atauliza, "Hiram yuko wapi?" Wa pili ataita, "Leteni Hiram!" Halafu ukumbi wote, Hiram, Hiram, Hiram, na Nabalayo amesimama hapo mbele anakutazama. Na huo ukumbi si gramafoni, hauna mkono wa kuinua ili unyamaze.

Hilo ndilo litakukuta wewe. La Ogola ni baya zaidi. Bwana wa santuri atafunga koti lake arudi Nairobi, na rafiki yako atarudi kupaka mabehewa, na nyimbo zote ambazo wewe peke yako unazijua zitabaki hapo ukutani kati ya nyumba zenu. Ule wa mvua nao. Utakuwa umezinyamazisha wewe, uliyekuwa wa kwanza kuzipenda. Majirani waliokuwa wakimwambia Ogola anyamaze hawakufaulu hata siku moja. Usiwafanyie kazi yao.

Kwa hivyo fanya ninavyokuambia. Ukimaliza kusoma gazeti hili likunje, nenda mlangoni kwa Ogola, safari hii ubishe wewe. Sema, "Siku ile sikuwa na tumbo. Nitakuja kugonga." Nyamaza hapo, unapenda kunyamaza, basi nyamaza hapo. Usimtaje Hiram, usimweleze bomba la maji. Naye nadhani anajua zamani, maana umeandika mwenyewe kwamba alisimama mlangoni kidogo kabla ya kuondoka. Mtu anayeamini tumbo la mwenzake huenda kumtafutia dawa, hasimami akimtazama.

Usimwombe aite jina lako. Narudia kwa sababu najua utajaribu. Akiliita, vizuri. Akisahau akaita Hiram kwa kuwa mdomo umezoea, gonga. Siku nyingi alikuita Wasike na hakuna mtu barazani aliyejali ni nani, na uligonga. Hiram akirudi na viazi vyake, mkaribishe kwako umchezee ile santuri. Akiwa mtu mzuri atacheka, na akiwa mtu mzuri sana atakuachia debe moja.

Kisha kuna huyu Nabalayo ambaye, tuseme, mnaongea. Kijana, mnaongea nini? Msichana amesema Hiram anajua kugonga, wewe miezi minane umenuna na hujamuuliza yeye anaonaje kugonga kwako. Muulize kama atakwenda nawe kwenye densi, na umuulize mapema, kabla mwingine hajamuuliza. Akisema ndiyo, mpe kiti cha mbele. Akisema hapana, bado una chupa, nenda ukagonge.

Chukua chupa mbili, moja ikivunjika usipate kisingizio. Densi ni Jumatano, na mimi na Mama Wangare tumekwisha kuamua kwenda. Yeye atacheza, mimi nimeulizia nikaambiwa ukumbi ule una joto sana, kwa hivyo utaniona dirishani, kazi yangu ile ile. Gita likinyamaza pale kati nitaacha kila kitu nisikilize. Hewa ninayo ya kutosha, Wasike.

Gonga.

Wako,
Baba Wangare