Namba Iliyoondoka na Kutu

Mwenzangu, pokea simu! Nimekwisha. Nimekwisha kabisa.

Si unalijua lile bati la gari kuukuu la baba, la chini ya kioo cha mbele, lililoliwa na kutu mpaka mvua ikawa inatudondokea miguuni? Si nililikata lote, nikachomelea jipya, nikapiga na rangi? Leo mkaguzi wa magari kaja. Baba, kifua mbele: "Hiyo kazi ya binti yangu, kwa mikono yake."

Mkaguzi akafungua boneti. Akapapasa bati langu kushoto, akapapasa kulia. Akauliza, "Namba ya chesisi iko wapi?"

Ilikuwa kwenye bati la zamani!! Imegongwa palepale penye kutu, na mimi nikapitisha grenda bila hata kuipiga picha!

Mkaguzi akasema bila namba gari haliingii barabarani. "Bati la zamani liko wapi?"

Juzi nimempa mnunua vyuma chakavu. Tena nikamsaidia kulipakia, mpumbavu mimi!

Baba akaitaja namba yote kwa kichwa, miaka thelathini hajaisahau. Mkaguzi akamjibu, "Nakuamini, mzee, ila mimi naandika ninachokiona."

Yule wa vyuma ni jirani yako. Mkimbilie kabla hajalipeleka kuyeyushwa, nakusihi!

Baba hajanigombeza. Nimemsikia jikoni akimwambia mama, "Usimseme mtoto. Kazi kaifanya safi."

Afadhali angenizaba kibao.