Figo Mbichi na Moyo Niliopewa

Hamburg, Ujerumani
14 Septemba 1997

Mpendwa kaka Kasaine,

Shikamoo. Barua hii ikukute mzima hapo Oldonyo Sambu, wewe na shemeji Nalepo, na mama, na ng'ombe waliobaki. Nimesikia ukame ulikuwa mkali upande wetu wa mlima mpaka watu wakahamisha mifugo. Niambie kama mawingu yameanza kukaa juu ya Meru, na kama goti la mama linamruhusu kwenda kanisani. Mimi ni mzima. Neno hilo sikuliandika kwa mazoea, kaka. Barua hii yote ni ya kueleza nimelipataje.

Najua mmekaa tangu Julai bila kusikia habari zangu. Nisamehe. Sikutaka mama aanze kulia wakati mimi mwenyewe sijui kama kuna cha kulilia.

Nilikuandikia mwaka jana kwamba moyo wangu ulivimba, nikashindwa hata kuinua gunia moja la kahawa pale ghalani kwetu hapa Hamburg, mimi niliyekuwa nabeba kutwa nzima. Nikakuandikia tena kwamba mwezi wa pili walinipasua kifua wakanipa moyo wa mtu aliyefariki. Jina lake hawakuniambia, ni sheria yao. Kila Jumapili namwombea hivyo hivyo bila jina.

Ambalo sikukueleza ni kwamba ukishapewa moyo, kazi ndiyo imeanza. Mwili unaujua kuwa ni mgeni na unataka kuupiga. Kwa hiyo kila siku nameza dawa za kuwalaza askari wa mwili wasiupige. Na ili wajue kama askari wamelala kweli, madaktari wanapitisha waya kwenye mshipa wa shingo hadi ndani ya moyo, wanadonoa kinyama kidogo kama punje ya ulezi. Kinakatwa vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, vinatiwa rangi, vinatazamwa kwa darubini. Unalala macho unaona yote. Hakuumi sana, ila moyo unaruka kama umeguswa na mtu. Nimeshadonolewa mara kumi na nne.

Sasa tatizo ni hili. Kwenye darubini, moyo unaokataliwa unafanana na mambo mengine ambayo si kukataliwa. Mwezi wa nne waliona askari wamekusanyika mahali pamoja, nikaambiwa nikae hospitali. Kumbe waya ulikuwa umerudi palepale ulipodonoa mara iliyopita, na walichokiona ni kovu. Ni kama ng'ombe aliyepigwa chapa: ukitazama hapo tu, utasema ngozi yote ina ugonjwa. Nikarudi nyumbani siku ya pili.

Mwezi wa saba haikuwa hivyo. Nilipata homa, nikachoka, ngazi tatu zikanishinda. Wakadonoa, na safari hii askari walikuwa kila mahali, wamejipenyeza katikati ya nyama, na nyama yenyewe imeanza kufa. Profesa mkuu akasema mwili unakataa moyo. Dawa yake ni moja: kuwapiga askari kwa nguvu siku tatu mfululizo, dawa iingie kwenye mshipa. Chupa ikaletwa, ikaning'inizwa kando ya kitanda changu. Nikakuwaza wewe na mama, nikajiambia basi.

Hapo ndipo akaingia Daktari Agnela. Huyu ni binti wa Machame, alikuwa daktari hapo Arusha, kanisa limemleta huku kusomea mambo ya darubini. Alikuwa hajawahi kuja wodini, maana kazi yake ni kwenye maabara. Alikuja anahema, koti halijafungwa vifungo, akaninong'oneza kwa Kiswahili. Kaka, tangu mwaka jana sikuwa nimesikia Kiswahili kitandani kwangu. Machozi yalinitoka kabla hajasema jambo lolote.

"Lerionka, karatasi yako inasema hujawahi kula nyama mbichi."

"Ndiyo, dada."

"Mwarusha wa Oldonyo Sambu?"

"Sisi ni Walutheri, dada."

"Na mimi ni Mlutheri. Walutheri hawachinji mbuzi? Nimepanga Moshono miaka sita, baba mwenye nyumba Mwarusha. Nimemwona yeye na kaka zake wakigawana figo kabla mbuzi hajamaliza kuchunwa. Usinifanye mtalii."

Ukweli ni kwamba kabla ya upasuaji waliniuliza swali hilo, na mkalimani alikuwa msichana mdogo wa Kijerumani, msafi, amevaa miwani. Niliona nikisema ndiyo watanidharau, watasema mtu wa namna hii atautunzaje moyo, wampe mwingine. Nikasema hapana, sijawahi. Uongo wa neno moja. Ulikuwa rahisi kuliko kubeba gunia.

Nikamwambia, "Nimekula, dada."

"Mara ngapi?"

"Kila mbuzi niliyemchinja mwenyewe. Na wa kaka yangu."

"Mungu ni mwema!" akasema kwa sauti mpaka mgonjwa wa jirani akageuka. Hajawahi mtu kufurahi hivyo kwa sababu ya tumbo langu. Akamwambia muuguzi asifungue ile chupa, akatoka mbio.

Baadaye alinieleza. Katika kile kinyama changu alikuwa ameona kifuko kimoja, kidogo mno, kimejificha ndani ya uzi wa nyama, kimejaa nukta nukta. Ni vijidudu vinavyokaa kwenye nyama mbichi. Ukivila ukiwa mzima, askari wako wanavifungia na vinalala humo hata miaka ishirini. Mimi askari wangu walilazwa kwa dawa, navyo vikaamka. Wale askari wachache waliokuwa macho hawakwenda kuupiga moyo, kaka. Walikwenda kuutetea. Kama wangemalizwa na ile chupa, vijidudu vingeula moyo wote na mimi leo ningekuwa nimezikwa huku kwenye baridi.

Profesa si mjinga, usimfikirie vibaya. Mambo hayo mawili yanafanana sana, na kifuko kilikuwa kimoja tu katika vipande vyote. Aliogopa kusimamisha dawa kwa sababu ya kifuko kimoja cha mtu aliyesema kwamba hajawahi kula nyama mbichi. Alipoambiwa nimekula, akaagiza damu ipimwe, na damu ikasema vilevile. Alikuja mwenyewe kunipa mkono, kisha akampa Agnela mkono mbele ya wote. Binti wa kwetu, kaka, mbele ya madaktari wote wa Kijerumani! Nilijisikia kama nimemwoza dada yangu kwa heshima.

Na dawa niliyopewa unaijua. Ni ya ukoo mmoja na ile Fansida tunayonunua dukani Ngaramtoni kwa malaria, ila mimi nameza nyingi na kwa muda mrefu. Nimefika mpaka Ulaya, nikapewa moyo, nikaokolewa na ndugu yake Fansida.

Homa iliondoka siku ya sita. Tangu hapo wamenidonoa mara tatu na zote ni safi. Wiki iliyopita Agnela alinipeleka nikatazame mwenyewe. Nyama ya moyo inaonekana kama nyuzi za rangi ya waridi zilizolala pamoja, na hapakuwa na askari hata mmoja. Halafu akaweka kile kipande cha Julai, akanionyesha kifuko. Nilikitazama sana. Nikakiambia kwa Kimaasai kwamba nimekishinda. Agnela akasema yeye ni Mchaga, Kimaasai hakijui, nisimfiche matusi.

Jumatatu nilirudi ghalani. Sibebi tena, nabandika karatasi kwenye magunia. Mwili umechoka bado, sikufichi, lakini nilipanda ngazi arobaini na mbili bila kusimama. Nilizihesabu.

Kaka, kuna jambo nakuomba. Sisemi desturi yetu ni mbaya. Wewe umekula miaka yote na u mzima, maana askari wako wako macho. Lakini Nalepo ana mimba. Asile nyama ambayo haijaiva kabisa, hata kama wazee watampelekea kwa heshima. Kijidudu hiki kinaweza kumfikia mtoto tumboni na kumharibu macho. Na yeyote atakayeulizwa na daktari amekula nini, aseme ukweli bila aibu. Mimi aibu yangu nusura inizike.

Msalimie mama yetu, Nashilu. Mwambie moyo ni wa mtu mwingine lakini unamkumbuka yeye kila siku, asihofu. Msalimie shemeji, na mzee Ebenezer wa kanisani, mwambie maombi yalifika. Mungu awape mvua ya kutosha na mtoto mwenye macho mazuri.

Mwaka ukitimia, mwezi wa pili, wameniruhusu kuja. Mchague mbuzi sasa. Figo mniwekee mimi, lakini mziache juu ya moto mpaka mlalamike kwamba zimeungua. Nitazila zote mbili mbele yenu, huku moyo unadunda.

Mdogo wako akupendaye na aliye hai,
Lerionka