Nyanya wa Neema alikuja kumuchukua

Jumamosi, Kasongo

Hakumuchukua. Naandika hilo kwanza ili moyo utulie.

Leo ni mwaka mzima tangu yaya Zawadi, dada yangu mukubwa, afe akimuzaa Neema. Tulipotoka kanisani kumuombea na kufika nyumbani, mama mukwe wa Zawadi, aliyetoka Lusangi kwa pikipiki, akasema mbele ya watu wote: "Mutoto amekwisha kukua. Kesho anarudi kwa baba yake." Sombe, majani yetu ya muhogo, ikaungua motoni, hakuna aliyejali.

Neema alikuwa na usingizi. Akatambaa mpaka kwangu, akamusukuma mutoto wangu Bahati kutoka titi la kushoto, akalishika yeye. Bahati akahamia la kulia bila ugomvi. Ndivyo walivyogawana tangu wiki ile ya kwanza baada ya yaya kufa. Mimi sioni tena ajabu, nasikia mugongo kuuma tu.

Yule mama akaangalia, akaangalia.

"Binti, unawanyonyesha wote wawili?"

"Kila siku, mama. Na usiku pia."

"Ndiyo maana umekonda kama muti wa muhogo!" Akacheka, machozi yakamutoka. "Basi abaki. Simutoi kwa mama yake."

Nikamwambia wazi: atakuja kwenu kutembea, na jina la aliyemuzaa atalijua, hakuna kumuficha. Akakubali.

Sasa amemubeba Neema mugongoni, anazunguka naye uani ili mimi nipumzike.

Yaya, bado nakukasirikia kwa kuniacha. Lakini leo nimeanza kukuambia asante pia, kwa kuniachia Neema.