Nimempiga Shemeji Yako kwa Nondo ya Roketi

Tusa, mwenzangu,

Nimempiga mtu. Nakwambia mwenyewe, maana hapa mtaani kwetu Malvern kila mmoja anaisimulia kwa namna yake, na sitaki ikufikie huko uliko ikiwa imetiwa chumvi. Nimempiga Lusajo, shemeji yako, mdogo wa yule aliyekuua. Nimempiga kwa ile nondo nyembamba ya kusimamishia zile roketi ndogo za kikundi chako, mchana kweupe, mbele ya watoto kumi na wawili, wiki moja kabla ya siku yao ya kurusha.

Wala si yeye peke yake niliyempiga. Hilo nitalifikia. Nivumilie.

Toka tulipokuzika mimi si mtu, Tusa. Siku ile uliponipigia simu nilikuwa zamu kiwandani, unga hadi kwenye nyusi. Ukasema, "Mwanaidi, njoo, leo kabadilika," simu ikakatika. Nikatoka bila kumuaga mtu. Theluji ilikuwa imeziba njia, mabasi yamesimama, nikakimbia na viatu vya kazini. Nilipofika ghorofa ya tisa polisi walikuwa wamejaa kwenye korido na mlango wako unaning'inia kwenye bawaba moja. Niliuona ukuta wa jikoni kabla hawajanisukuma nyuma. Na niliona kisu. Kilikuwa kile nilichokuletea mimi ulipohamia pale, nikakwambia visu vya huku havikati, chukua hiki.

Sijamwambia mtu hilo la kisu. Nakwambia wewe.

Basi ile damu ikanikaa kichwani. Nimevunja sahani zangu zote, moja baada ya nyingine, kwenye sinki. Msimamizi wa zamu aliponiambia nijitahidi kutabasamu nilimkaba kola mpaka wenzangu wakaniondoa. Usingizini nilikuwa namuua mumeo kwa kila njia, na niliamka nikiwa nimeridhika. Watu wakaniambia ni majonzi, yatapita. Mimi nikajua si majonzi. Lilikuwa jambo lenye meno, na nililipenda. Lilinisimamisha wakati ambapo ningeanguka.

Mwanao Atu nilimchukua mimi. Ustawi wa jamii walikubali kwa sababu uliandika jina langu kwenye fomu ya shule. Ana miaka kumi na mitano sasa, kakuzidi kimo. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, kama alivyokufanyia wewe, na wewe ulivyokuwa ukimpigia kelele: "Mimi sikuzaa mzungu!" Nami nampigia kelele ile ile.

Ni yeye aliyesema kikundi cha roketi kisife. Nilimwambia mimi na fizikia wapi na wapi. Unajua nilikuja pale ukumbini kwa ajili ya umbea tu, na kukuletea chai. Wewe ndiye mwalimu wa Tukuyu uliyefika huku ukawa unawaogesha wazee wa watu siku tano, halafu Jumamosi unashuka kwenye ule ukumbi wa chini ya jengo na kugeuka mwalimu tena, sauti na mabega na kila kitu. Unakumbuka ile roketi ya kwanza iliyolala ubavu, ikaenda moja kwa moja kwenye gari la Mzee Karim ikamvunjia taa? Ukajificha nyuma yangu. Yule mzee, Muhindi wa Moshi na injinia mstaafu wa watu, akaja polepole na kipande cha taa mkononi, nikadhani tumekwisha. Akasema, "Mapezi ya roketi yenu yamepinda. Jumamosi nitakuja niwaonyeshe." Hajakosa Jumamosi hata moja tangu hapo.

Kwa hiyo tukaendelea. Atu akachukua daftari lako akawa kiongozi, Mzee Karim akawa na dhamana ya injini na ruhusa za shamba tunakorushia, mimi nikawa mtu wa kushika hiki na kufungua kile. Nilijifunza kubandika mapezi. Nilijifunza kukunja parachuti ya nailoni na kuipaka poda ya watoto isigande. Zilikuwa saa tatu kwa wiki ambazo sikumuua mtu yeyote kichwani.

Jumamosi ile tulikuwa tunakagua vifaa. Roketi zote zimepangwa mezani, rangi bado mbichi. Ya Atu ilikuwa ndefu kuliko zote, nyekundu, hakuandika chochote juu yake. Mimi nilikuwa nasugua nondo kwa msasa ili roketi zisikwame zikipanda.

Lusajo akaingia. Kavaa suti. Akasalimia vizuri, watoto wakaitikia, kisha akatoa karatasi kwenye bahasha akaiweka mbele ya Atu, juu ya daftari lako. Akasema hukumu ya kaka yake inasomwa mwezi ujao, na jaji angependa kusikia kutoka kwa mtoto. Atie sahihi tu, kwamba baba alikuwa baba mwema.

Atu alibaki na brashi ya rangi mkononi, akiitazama ile karatasi.

Nikamwambia, "Shemeji, toka."

Akasema, "Mwanaidi, wewe si ukoo. Haya ni mambo ya ukoo."

Nikamwambia tena atoke. Ndipo akanigeukia na sauti ya chini, ya kuelewana, kama tunapatana bei sokoni. "Tusa naye alikuwa na mdomo. Wewe ulimjua. Angenyamaza siku ile, leo tungekuwa na wote wawili."

Pigo la kwanza lilimpata shingoni. Nilisikia nondo ikipiga mluzi kabla haijafika. La pili lilimpasua juu ya jicho, damu ikaruka ikatua juu ya roketi, juu ya zile rangi mbichi, na wale watoto wakaanza kupiga mayowe. Akaangukia viti. Akainua mikono kujikinga uso, na nilipomwona anajikinga, Tusa, nilifurahi. Nisikufiche. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi toka ufe. Nikainua la tatu kwa mikono miwili, nikitaka limalize.

La tatu lilimpata mwanao.

Alikuwa ameruka katikati yetu. Kuna watakaokwambia alikuwa anamtetea baba yake mdogo. Si kweli. Alikuwa ananizuia mimi. Nondo ikashuka kwenye mkono wake wa kulia, nikasikia mfupa. Hakulia. Alirudi nyuma mpaka ukutani, akaushika ule mkono kifuani, akanitazama kama asiyenijua, akasema kwa Kiswahili, neno kwa neno, bila kukosea:

"Una uso wa baba."

Nikaiachia nondo. Mzee Karim aliiokota na kusimama nayo mlangoni, akitweta, mzee wa watu na moyo wake ule mbovu. Nikataka kumshika Atu. Akapiga ukelele mmoja tu, nikasimama pale pale nilipokuwa mpaka polisi walipofika.

Mengine utayakisia. Lusajo alishonwa nyuzi tisa. Mkono wa Atu umevunjika karibu na kifundo, wamemfunga plasta. Mimi nilifungwa pingu kwenye ngazi zile zile tunazoshushia chai, na niliachiwa kwa masharti: nisimsogelee Lusajo, nisikanyage ukumbini, nisimwone Atu mpaka ustawi wa jamii waseme. Wakamhamishia kwa Mama Kibibi, mlezi mwingine waliyemkubali, mtaa wa Crescent Town. Nilifunga nguo zake mwenyewe. Nilipofika kwenye sweta yako, ile anayolalia, nilikaa sakafuni.

Wazazi walitaka siku ya kurusha ifutwe. Walikuwa na haki. Watoto walikuwa wanaota ndoto mbaya, mmoja aligoma kabisa kushika kitu chochote cha chuma. Mzee Karim aliniambia kwa simu kwamba Atu alisimama mbele ya wazazi wote na plasta yake na kusema roketi ni za mama yake, si za Anti Mwanaidi wala si za baba, na yeye atarusha hata akiwa peke yake shambani. Wakakubali. Wiki nzima wakaifanyia kazi. Ile damu waliisugua ikagoma kwenye rangi, basi wakapaka upya. Ile nondo hawakuitumia. Mzee Karim alileta nyingine.

Sikwenda, maana sikuruhusiwa. Jumamosi ya kurusha niliomba zamu ya asubuhi nisikae nyumbani. Saa tano simu ikatikisika mfukoni, Mzee Karim, lakini hakuongea. Aliishika tu juu. Nikakimbilia chumba cha kubadilishia nguo. Nikasikia upepo, nikasikia watoto wanahesabu kurudi nyuma kwa Kiswahili, kumi, tisa, nane, kama ulivyowafundisha, hata wale wasiojua neno jingine lolote. Halafu ule mlio, kama mluzi wa nondo. Nilijikunyata, Tusa. Wale watoto nao, nadhani, kwa sababu palikuwa na kimya. Kisha mtu akapiga kelele, "Imefunguka!" na wote wakalipuka. Ya Atu ilipanda kuliko zote, Mzee Karim ameniambia. Alibonyeza kwa mkono wa kushoto. Parachuti ikafunguka juu kabisa, ikaanguka mbali kwenye mahindi, wakaitafuta mpaka jioni hawakuiona, na Atu akasema basi, iacheni.

Nimekiri mahakamani. Wakili alitaka tuseme nilichokozwa, nikamwambia hapana. Kila Jumanne, kwa amri ya mahakama, nakaa kwenye chumba chenye viti vya plastiki pamoja na watu kumi waliopiga wake zao, waume zao, watoto wao. Mwanzoni niliwatazama nikijiambia mimi si kama hawa. Wiki ya tatu mmoja akaeleza jinsi raha ilivyompanda pale mkono wake ulipokuwa juu, na mimi nikaitikia kwa kichwa kabla sijajizuia.

Juzi ustawi walimruhusu Atu aje, na Mama Kibibi akiwapo. Hakuvuka kizingiti. Akasema bado ananiogopa. Akasema Jumapili atakuja tena, labda ataingia. Nikamwambia, "Ndaga," yaani asante, neno moja la Kinyakyusa chako nililolishika, na kidogo mdomo wake ukacheza.

Lala salama, Tusa. Wewe wa kanisani na mimi wa msikitini, lakini dua yangu naileta tu, watajua wenyewe huko pa kuiweka. Hasira siwezi kukuahidi kwamba imekwisha, ipo, naijua inapokaa. Nakuahidi hiki. Atu akiingia Jumapili, na akiniuliza, sitamwambia nondo ilimpata, wala kwamba alijiingiza katikati, wala kwamba ni kwa ajili yako. Nitamwambia, nilikupiga, mwanangu. Halafu nitanyamaza nimsikilize.

Mwanaidi